Muulize Mama Maabara: Weusi wa TSI na cheti cha mpishi

SWALI: Salamu, Mama Maabara. Niko atachimenti katika maabara moja hapa Eastleigh. Tulipokea sampuli ya choo cha mpishi wa kibanda anayetafuta cheti cha afya. Kwenye MacConkey (sahani ya kuoteshea bakteria) koloni, yaani vikundi vya bakteria, hazikuwa na rangi, na TSI (tyubu ya kupimia yenye sukari na chuma) ikatoka nyeusi. Mkubwa wangu anasema tuandike Salmonella (bakteria wa taifodi na wa kuharisha) tumalize. Nimekosea kusita?
Mwanafunzi, Umoja

JIBU: Hujakosea, mwanangu. Karatasi hiyo ikitoka, jiko la watu linafungwa.

Koloni isiyo na rangi inakuambia tu kwamba bakteria huyo hajachachusha laktosi, sukari ya maziwa. Weusi nao ni haidrojeni salfaidi iliyokutana na chuma kilichomo kwenye TSI. Proteus mirabilis, bakteria mwingine, ana yote mawili, na tyubu yake huwa na mteremko mwekundu juu, kitako cha manjano chini, weusi tele. Ukimtazama hivyo tu, utaapa ni Salmonella. Na Typhi mwenyewe, yule Salmonella wa taifodi tunayemwogopa zaidi, huwa bahili: hatoi gesi, na weusi wake mara nyingi ni kamstari kembamba pale mteremko unapokutana na kitako. Tyubu ikiwa nyeusi tititi, mimi humshuku Proteus kwanza.

Kwa hiyo panda yurea leo leo, yaani chupa ya kupima kama bakteria anaivunja yurea. Ukiipanda asubuhi, Proteus kwa kawaida huigeuza kuwa ya waridi kali siku hiyo hiyo. Salmonella huiacha manjano vilevile. Chupa moja tu, na bado kuna maabara zinazoiruka eti kubana matumizi!

Yurea isipobadilika, bado usishangilie. Yupo Citrobacter, bakteria mwingine anayechelewa kuchachusha laktosi na kutoa weusi pia. Huyo mpime kwa lisini (aina ya asidi amino): Salmonella walio wengi huivunja, yeye haivunji. Usikimbilie antisera (maji ya kingamwili yanayogandisha bakteria wa aina fulani) peke yake, maana Citrobacter wengine wana antijeni ya Vi, alama ya juu ya bakteria, kama ya Typhi. Na kila unapogandisha kwa antisera, weka tone la maji ya chumvi pembeni bila antisera; koloni ikigandana humo pia, jibu lako halifai.

Kabla ya hayo yote, chukua koloni moja iliyojitenga, uioteshe upya kwenye sahani safi. Choo kina umati wa bakteria, na koloni mbili zilizogusana zitakupa TSI ya uongo. Soma TSI baada ya saa 18 hadi 24. Ukiiwahi mno, mteremko utakuwa bado wa manjano. Stima ikipotea usiku, liandike hilo kwenye daftari.

Kwa sasa mwambie mkubwa wako, kwa adabu, karatasi iseme "uchunguzi unaendelea".