Wasomaji Wauliza: Miezi sita katika maabara ya ugenini

SWALI

Assalaamu alaykum Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika sayansi ya bahari, mzaliwa wa Wete. Utafiti wangu unahusu mwani wa kotonii na maradhi yanayoufanya ugeuke mweupe na kukatika kwenye kamba. Nimepata nafasi ya mafunzo tarajali ya utafiti kwa miezi sita, kuanzia Oktoba hadi mwisho wa Machi, katika maabara moja mjini Bremen, Ujerumani. Sijawahi kutoka nje ya Tanzania. Watu wengi wamenieleza juu ya baridi, lakini hakuna aliyenieleza siku yenyewe inavyopita: mtu anakula nini, anaswali wapi, anazungumza vipi na msimamizi wake, na je, posho inafika mwisho wa mwezi? Jamaa nao wameshaanza kuniagizia vitu. Naomba unieleze bila ya kunificha.

Mwanafunzi, Wete, Pemba

JIBU

Waalaykumu salaam mwanangu, na hongera kwa nafasi hiyo. Nitaanza na jambo ambalo ukilisahau Pemba hutaweza kulitengeneza ukiwa Bremen, nalo ni sampuli zako.

Mwani uliokaushwa hautiwi tu ndani ya begi ukapandishwa ndege. Tanzania ni mwanachama wa Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa wa kugawana kwa haki faida zinazotokana na mimea na viumbe vya kila nchi, iliyopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika mwaka 2014, na Umoja wa Ulaya una kanuni yake inayomlazimisha mtafiti wa huko kuthibitisha kwamba rasilimali ya kijenetiki anayoitumia imetoka katika nchi ya asili kwa ridhaa na kwa makubaliano. Kwa hiyo kibali chako cha utafiti cha Zanzibar, kibali cha kusafirisha sampuli, na mkataba wa kukabidhiana sampuli baina ya chuo chako na maabara ya Bremen viwe vimekamilika kabla hujaondoka. Mkataba huo usiutie saini kwa kuwa tu umeambiwa uko sawa. Usome mwenyewe, uangalie data zitakuwa za nani, nani ataandikwa kuwa mwandishi wa makala itakayotoka, na mabaki ya mwani yatafanywa nini. Wanawake wa Kiuyu na Tumbe wanaoingia baharini kila bamvua, yaani siku za maji makubwa yanayokupwa sana, ndio walioulea mwani huo, na kilimo chenyewe kimekuwa riziki ya wanawake wa visiwa vyetu tangu kilipoanza kibiashara mwaka 1989. Matokeo ya utafiti wako yasipoweza kurudi kwao, basi sioni umeyabeba kwa faida ya nani.

Kuhusu sampuli zenyewe, kila mfuko utie ndani yake kikaratasi kigumu kilichoandikwa kwa penseli: tarehe, kijiji, aina ya mwani, kama maji yalikuwa bamvua au mafu (maji madogo), joto la maji, na uzito wa mwani ulipokuwa mbichi. Wino wa kalamu hufutika kwa unyevu na kwa spiriti ya maabara, penseli hubaki. Maabara uendayo ina mashine ambazo hatuna hapa, lakini hakuna mashine itakayoweza kusema kipande hiki kilikatwa kwenye kamba ya Kiuyu na kile ya Makangale. Hilo unalijua wewe peke yako, na ndilo litakalokupa heshima mbele ya watu wanaoijua kemia ya mwani kuliko wewe lakini hawajawahi kukanyaga shamba la mwani.

Viza nayo uishughulikie mapema katika ubalozi wa Ujerumani, Dar es Salaam, kwa sababu viza ya Schengen, yaani ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, kwa safari fupi haizidi siku 90 na wewe unakaa miezi sita, kwa hiyo unahitaji viza ya kitaifa, yaani ya Ujerumani yenyewe.

Ukishafika, wiki mbili za mwanzo usizitoe zote kwa maabara, hata kama moyo unakusukuma. Sheria ya huko inamtaka kila anayehamia katika nyumba akaandikishe anwani yake katika ofisi ya mji ndani ya wiki mbili, kama vile mgeni wa shehia anavyotakiwa ajulikane kwa sheha, na bila ya karatasi ya uandikishaji huo mambo mengi hukwama, ikiwamo kufungua akaunti ya benki. Mwenye nyumba anapaswa kukupa fomu ya kuthibitisha kwamba umehamia, basi iombe siku unayopokea ufunguo. Anaweza pia kukudai dhamana, na kisheria dhamana hiyo haizidi kodi ya miezi mitatu bila ya gharama za maji na joto. Bima ya afya ni ya lazima, na bima ya safari uliyonunua kwa ajili ya viza huenda isitoshe kwa miezi yote sita, kwa hiyo waulize wafadhili wako kwa maandishi. Usishangae pia ikikufikia barua ya kukudai ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi, hata kama huna televisheni. Si utapeli. Ila nyumba moja hulipa ada moja, hata wakikaa watu watano, kwa hiyo kwanza waulize wenzako kama kuna anayelipa.

Sasa siku yenyewe. Baridi utaizoea, koti zito la mtumba kutoka soko la Darajani, Unguja, linatosha ukivaa juu yake koti jepesi la mvua, kwa kuwa Bremen ni mji wa mvua na upepo. Kinachomshitua mtu wa kwetu ni giza. Mwishoni mwa Disemba jua la Bremen huchomoza baada ya saa mbili na nusu asubuhi na kuzama kiasi cha saa kumi na dakika kumi. Utaingia maabara kukiwa giza na utatoka kukiwa giza, na mtu aliyelelewa kwenye siku za saa kumi na mbili za jua huanza kuhisi mwili mzito bila ya kujua sababu. Dawa yake ni kutoka nje mchana, kila siku, hata kama ni kulizunguka jengo la maabara kwa robo saa. Usile chakula cha mchana mbele ya kompyuta.

Giza hilo linagusa pia sala zako. Katikati ya Disemba adhuhuri huingia baada kidogo ya saa sita na robo, alasiri kabla kidogo ya saa nane kwa hesabu ya Kishafii, na magharibi saa kumi na dakika chache. Yaani sala tatu zinaingia ndani ya muda usiotimia saa nne, zote wakati wa kazi, na mojawapo huenda ikaingia ukiwa katikati ya jaribio lisiloweza kuachwa. Mwambie msimamizi wako katika wiki ya kwanza, kwa sentensi moja iliyo wazi, kwamba unahitaji dakika kumi na chumba kitulivu mara mbili au tatu kwa siku, na upange majaribio yako kwa kuzifuata nyakati hizo. Katika maabara nilizozijua mimi, ombi lililosemwa mapema na waziwazi lilipokelewa vizuri. Kilichowatatiza wenyeji ni mtu kutoweka bila ya kusema. Kibla huko ni kusini-mashariki, si kaskazini kama tulivyozoea. Ramadhani ya miaka hii inaangukia Februari na Machi, na saumu ya Bremen katika Februari ni fupi kuliko ya Wete, kwa hiyo hilo lisikutie hofu. Msikiti wa Fatih uko katika mtaa wa Gröpelingen, na Waturuki ni wengi katika mji ule, hivyo nyama ya halali inapatikana madukani mwao.

Katika chakula, usibebe embe, hata liwe zuri namna gani, wala nyama, wala maziwa, kwa sababu forodha ya Ulaya itavichukua. Beba karafuu, hiliki, bizari na pilipili manga kavu. Mchele, tui la nazi la kopo na hata muhogo utavipata huko. Pika Jumamosi chakula cha siku kadhaa ukigandishe, kwani Jumapili maduka karibu yote hufungwa, na mkahawa wa chuo wenye bei nafuu kwa kawaida hufanya kazi siku za kazi tu. Baada ya kupika fungua madirisha wazi kabisa kwa dakika tano hadi kumi, kisha uyafunge. Usiyaache nusu wazi siku nzima, maana joto unalilipia, na chumba kisichopitishwa hewa huota ukungu ukutani na mwenye nyumba atakudai wewe.

Suala la msimamizi ndilo ningependa ulisome mara mbili. Wewe umelelewa kumwita mwalimu wako Profesa au Daktari, kutomkatiza anapozungumza, na kunyamaza pale usipoelewa ili usimchoshe. Adabu hiyo ni nzuri, na sikuambii uitoe moyoni. Lakini huko atakwambia umwite kwa jina lake la kwanza, na ukinyamaza ataamini kwamba umeelewa. Atakwambia pia, mbele ya watu, kwamba mchoro wako si sahihi au kwamba jaribio lirudiwe, kisha baada ya dakika tano atakualika kunywa kahawa kama kwamba hapakuwa na kitu. Hajakutukana wala hajakuvunjia heshima. Amelisema jambo, nalo limekwisha. Nimewaona vijana wetu wazuri wakipoteza mwezi mzima kwa sababu ya ukali ambao msemaji mwenyewe hakuukusudia.

Kwa hiyo jiwekee desturi hii: kabla ya kikao cha kila wiki andika nusu ukurasa wenye mambo manne, yaani ulichofanya, ulichokipata, ulipokwama, na unachokusudia kufanya wiki ijayo. Mpelekee siku moja kabla. Ulipokwama paandike bila ya kupamba: "Mwani niliouweka kwenye tanuri kwa nyuzi 60 bado unapungua uzito baada ya siku mbili, nami sijui niendelee kuukausha au la." Swali la namna hiyo hujibiwa kwa dakika moja, ilhali mtu akilificha hulibeba wiki tatu na kuharibu sampuli zisizoweza kupatikana tena mpaka bamvua nyingine, tena kwa mtu aliyeko maili elfu kadhaa kutoka Pemba. Fika kwenye kikao dakika tano kabla ya wakati. Daftari la maabara ni mali ya maabara, basi omba ruhusa ya kuchukua nakala ya kurasa zako na ya data zako mwishoni mwa kila mwezi, usisubiri wiki ya kuondoka ambapo kila mtu ana haraka.

Na usijaze miezi sita kwa maswali matano. Chagua moja linaloweza kumalizika huko na lisiloweza kufanywa hapa. Ukaguzi wa mashamba utaufanya ukirudi, bahari haihami.

Katika fedha, Serikali ya Ujerumani tangu Septemba 2024 humtaka mwanafunzi wa kigeni asiye na ufadhili aonyeshe euro 11,904 kwa mwaka, ambayo ni euro 992 kwa mwezi. Tumia kiwango hicho kuipima posho yako. Ikiwa iko chini yake, lizungumze na wafadhili kabla ya kusafiri. Kodi ya chumba ndiyo itakayokula sehemu kubwa kuliko zote. Baiskeli ya mtumba itakuokolea nauli, mradi iwe na taa mbele na nyuma.

Ama jamaa, kaa nao sasa, kabla ya tiketi, uwaeleze kwa tarakimu: posho ni kiasi hiki, kodi ni hiki, chakula ni hiki, kinachobaki ni hiki. Kumwambia ami yako "nitajaribu" ni kumuahidi. Mimi naona ni bora wakuone mgumu leo kuliko wakuone umebadilika ukiwa huko, na zaidi ya hayo, mwanafunzi anayeruka mlo ili atume simu ya mkononi nyumbani hawezi kusimama saa sita mbele ya mizani ya maabara.

SWALI

Mwanangu wa kiume yuko nchi za nje kwa mafunzo ya utafiti tangu Septemba. Mwanzo alikuwa akipiga simu kila siku, sasa hupiga mara moja kwa wiki na sauti yake imepoa. Nimwambie arudi?

Mama, Chake Chake

JIBU

Bibi yangu, usimwambie arudi, na usimuulize kila mara atarudi lini, kwani swali hilo humwonyesha kwamba nyinyi mnahesabu siku naye ataanza kuhesabu. Kupungua kwa simu peke yake si dalili mbaya, huenda kazi imemkolea. Kama yuko Ulaya ya kati, tangu mwisho wa Oktoba saa zake ziko nyuma ya zetu kwa saa mbili, kwa hiyo mkimpigia baada ya isha yeye bado yuko kazini. Pangeni Jumapili mchana. Muulize amekula nini na amepika na nani, kisha msikilize. Akiwa anapika na wenzake, tulia. Akikwambia kwamba kwa wiki mbili halali vizuri, hana hamu ya kula na hatoki chumbani ila kwa kazi, mwambie kwa upole lakini kwa mkazo aende kwa daktari au kwa washauri wa wanafunzi wa chuo chake, na umwombe akupigie siku hiyo hiyo akueleze ameambiwa nini.