Kabla hujaingia Yellowstone na pikipiki ya theluji

Mara ya kwanza nilipokwenda Yellowstone, hifadhi ya taifa ya Marekani, wakati wa baridi, nilifika mji wa West Yellowstone, jimbo la Montana, nikiwa na wenzangu watatu, pikipiki za theluji za kukodi (vyombo vidogo vya injini vinavyoteleza juu ya theluji, yaani snowmobile) na siku mbili za likizo, nikiamini kwamba mtu hulipa kiingilio langoni kisha akapita. Haikuwa hivyo. Pikipiki ya theluji ya mtu binafsi haiingii hifadhini bila kibali kinachoombwa miezi kadhaa kabla, nasi hatukuwa nacho. Tulizunguka kwenye njia za msitu wa taifa ulio nje ya mpaka, ambako masharti ni tofauti, kisha tukarudi nyumbani Idaho. Nayaandika haya kwa ndugu zetu waishio Marekani, na kwa yeyote anayepanga kuja majira hayo, ili likizo yake isipotee kama ya kwangu.

Kuanzia katikati ya Desemba hadi katikati ya Machi, barabara ya pekee ya hifadhi inayobaki wazi kwa magari ya kawaida ni ile ya kaskazini, kutoka Gardiner kuelekea Cooke City. Nyingine hushindiliwa theluji na kuachiwa pikipiki na mabasi ya theluji. Mgeni anaweza kuingia na kampuni iliyoidhinishwa, ambayo humpa pikipiki na mwongozaji, au akaomba kibali cha kujiongoza mwenyewe kwa bahati nasibu inayofanyika mwezi Septemba katika tovuti ya Recreation.gov. Nafasi za kujiongoza ni chache mno: kwa kila lango kati ya manne, ni kundi moja tu kwa siku, lisilozidi pikipiki 5. Kiongozi wa kundi awe ametimiza miaka 18, na kila anayeendesha awe na leseni kamili ya udereva, kwa kuwa ile ya mwanafunzi haikubaliki, pamoja na cheti cha mafunzo ya hifadhi yanayofanyika mtandaoni. Kwa anayeiona theluji kwa mara ya kwanza, ushauri wangu ni mmoja: nenda na kampuni.

Mwenye kibali naye bado anaweza kuzuiwa kwa sababu ya chombo. Pikipiki inayokubaliwa ni ya modeli iliyo katika orodha ya hifadhi, iliyopimwa moshi wake, na ambayo kelele yake haizidi desibeli 67. Kwa hiyo, kabla hujalipa fedha za kukodi, mweleze mwenye duka waziwazi kwamba unaingia hifadhini.

Masharti haya yana historia, na aijuaye hayaoni kuwa usumbufu. Pikipiki za theluji ziliingia Yellowstone mwaka 1963, na kufikia miaka ya 1990 kulikuwa na siku ambazo zilizidi 1,000, nyingi zikiwa na injini za kuchanganyiwa oili na petroli. Moshi ulitanda katika lango la magharibi hadi askari wa hifadhi wakalazimika kuvaa barakoa za kuchujia hewa. Yalifuata mashauri ya mahakamani ya miaka mingi, wengine wakitaka pikipiki zipigwe marufuku kabisa, wengine wakipinga, mpaka utaratibu wa mwaka 2013 ulipoanza kuhesabu misafara, yaani kundi la pikipiki au la mabasi ya theluji, badala ya chombo kimoja kimoja: kwa siku isizidi 110, na kati ya hiyo ya pikipiki isizidi 50. Kwangu mimi hilo ndilo wazo bora kuliko yote, maana kundi linalopita kwa pamoja humshtua mnyama mara moja, kisha kimya kinarudi. Ndiyo sababu hamruhusiwi kutawanyika. Wa mwisho asiwe nyuma ya wa kwanza kwa zaidi ya mita 500 hivi.

Mwaka uliofuata tulipata kibali. Kando ya Mto Madison tulikuta baisani, wale nyati wa Marekani, wakitembea barabarani, na mwenzetu mmoja akaongeza mwendo ili awapite. Walianza kukimbia mbele yake. Mimi nimekulia Morogoro, nimeona katika barabara kuu inayokatiza Mikumi madhara ya dereva asiyetaka kupunguza mwendo, lakini hapa kuna jambo la ziada: baisani huishi msimu mzima wa baridi kwa mafuta ya mwilini na nyasi kavu anazofukua chini ya theluji kwa kichwa chake, na kila mbio unazomkimbiza zinapunguza akiba hiyo. Nilimpungia mwenzetu mkono, akasimama, na wale wanyama wakatulia.

Kwa hiyo simameni mkiwa mbali nao angalau mita 23, na mita 91 kwa mbwa mwitu na dubu. Wapeni nafasi ya kutoka barabarani wenyewe. Wakikimbia kuelekea kwenu, geuzeni mrudi mlikotoka, na isipowezekana, shukeni mkae upande ambao pikipiki iko kati yenu na wao. Msitoke kamwe nje ya barabara iliyoshindiliwa.

Kuhusu baridi, mwezi Februari 1933 ilifikia nyuzi 54 chini ya sifuri karibu na lango la magharibi, na mwendo wa pikipiki huongeza makali ya upepo, hivyo funika uso wote. Barabara hufungwa kuanzia saa tatu usiku hadi saa moja asubuhi, lakini msingoje giza. Kutoka Old Faithful, chemchemi maarufu inayorusha maji moto juu, hadi lango hilo ni kilomita 48, na mwendo wa juu unaoruhusiwa ni kilomita 56 kwa saa. Sisi tuliondoka saa nane na nusu mchana, tukasimamishwa na baisani mara mbili, na tulifika langoni jua likizama.