Mshahara mara tatu ughaibuni: je, kuna nafuu?
Umeuliza kama mshahara mara tatu ya huu wa sasa, ukihamia nchi nyingine, utakuacha na nafuu. Usianze na kiwango cha kubadilisha fedha. Pango, nauli na malezi ya watoto hulipiwa palepale unapoishi, kwa hiyo kiwango hicho hakikuonyeshi bei za huko. Chukua mshahara baada ya makato yote (kodi, pensheni, bima ya afya), kisha toa matumizi ya huko kwa sarafu ya huko. Pango ndilo huvuruga hesabu: uliza kama umeme, maji na kupasha nyumba joto vimo ndani yake, na amana ni ya miezi mingapi. Kinachobaki, hicho sasa kibadilishe kwa sarafu ya nyumbani, ukiondoa ada ya kutuma, ukilinganishe na kinachokubakia sasa. Tovuti za kulinganisha bei? Zitumie kwa tahadhari. Nyingine hujazwa na watumiaji wenyewe.