Mlango wa behewa hauzibwi tu, unafundishwa kutema maji

Nilipoanza ufundi wa mabehewa nilikabidhiwa brashi ya waya, nyundo na bunduki ya silikoni. Bunduki ile ilikuwa kitu kipya mkononi mwangu, basi kila tundu nililoliona nililifyatulia. Siku moja likaletwa behewa la kufunika lenye lalamiko la kuvuja mlangoni. Nikaziba juu, nikaziba pembeni, nikashuka chini nikaziba hata vile vitundu vidogo vya kwenye mfereji wa reli ya mlango. Likaenda kupakiwa saruji, nayo masika ilikuwa imeshika kasi. Liliporudi karakana na malalamiko yake, mifuko kadhaa ya safu ya chini ilikuwa imegeuka mawe na bado imeng'ang'ania sakafuni.

Fomeni hakunifokea. Aliokota msumari, akakwangua tundu moja tu, maji yakamwagikia viatu vyake. "Hongera," akaniambia. "Nilikutuma mlango, umenijengea birika."

Usipoziba ufa utajenga ukuta, tunaambiwa tangu utotoni. Kwenye mlango wa behewa methali hiyo inataka kuangaliwa vizuri, maana ziko nyufa ambazo aliyelichora behewa aliziacha makusudi. Mlango wa kuteleza upo nje ya ukuta na lazima utembee. Kitu kinachotembea hakiwezi kubana kama kifuniko cha chupa. Kwa hiyo aliyeubuni alikubali kwamba maji kidogo yataingia nyuma ya mlango, akayawekea njia ya kutokea kabla hayajaugusa mzigo. Kazi yako wewe fundi, kabla ya mengine yote, ni kuijua njia hiyo na kuiacha wazi.

Anza kwa kuusoma mlango. Juu kuna reli au engo, yaani chuma cha pembe, inayoushika usianguke, na juu ya hiyo panatakiwa kuwa na kofia, yaani bati lililokunjwa kutoka nje, linaloyapokea maji ya paa na kuyarusha mbali. Pembeni kuna miimo miwili. Mwimo wa upande mlango unakofungia huwa na mfuko wa chuma ambamo ukingo wa mlango unaingia. Mwimo wa nyuma huwa na kipande cha chuma kilichokunjwa mithili ya herufi Z, na mlango una mwenzake. Ukifunga, viwili hivyo vinashikana kama vidole vya mikono miwili. Upepo ukisukuma maji humo, yanalazimika kukata kona mara mbili au tatu, yanapoteza nguvu, yanaanguka chini kwa uzito wake. Hakuna mpira wala gundi hapo, ni mkunjo wa bati tu, na unadumu miaka mingi kuliko mpira wowote nilioufunga. Wazee waliofanya kazi enzi za injini za mvuke wanakumbuka kazi ya pili ya vipande hivyo, kuzuia cheche zisifikie marobota ya pamba. Injini za mvuke zimeondoka lakini cheche zipo, breki za chuma cha kalibu zinazitoa kila treni inaposhuka mlima. Ukikuta kipande hicho kimepotea, usiseme ni bati tu.

Chini kuna reli ya mlango na magurudumu yake, na kizingiti. Hapo ndipo pana ugomvi mkubwa.

Maji huingia kwa namna tatu. Ya kwanza kila mtu anaijua, kushuka kwa uzito wake. Ya pili ni kusukumwa na upepo, na treni inapotembea hutengeneza upepo wake yenyewe hata kama siku imetulia. Kumbuka kwamba behewa halina mbele wala nyuma. Leo linavutwa huku, kesho kule, kwa hiyo usije ukatengeneza mwimo mmoja vizuri ukauachia mwingine kwa hoja kwamba mvua haitokei upande ule. Ya tatu ndiyo inayowatoa jasho wageni: maji kupanda. Bati mbili zikilaliana kwa karibu sana, mwanya wa milimita moja hivi, maji yanapanda katikati yake kama mafuta ya taa kwenye utambi wa koroboi. Utaona fundi amebana bati kwa bidii yote na bado ndani kunalowa, naye anaongeza kubana. Dawa ni kinyume chake: achia nafasi ya milimita 6 au zaidi mahali ambapo utambi unatakiwa kukatika, na ukingo wa chini wa bati uukunje kidogo nje ili tone lidondoke badala ya kutambaa kurudi ndani.

Ukipewa behewa lenye malalamiko, usikimbilie mlango. Uliza kwanza mzigo ulilowa wapi. Mfuko ni shahidi mzuri kuliko karatasi ya lalamiko. Mifuko ya juu kabisa ikilowa katikati ya behewa, mbali na mlango, panda paani, huenda mlango unasingiziwa. Ikilowa ya juu karibu na mlango, kofia imepinda au imeliwa na kutu. Ukiona alama iliyonyooka kuanzia juu hadi chini upande mmoja wa mlango, ni mwimo. Ikilowa ya chini peke yake, angalia kizingiti na vitundu vya maji. Na ikilowa kidogo kidogo kila mahali, kama iliyopigwa na umande, hapo jambo ni jingine kabisa, nitalieleza chini.

Sasa kazi yenyewe. Kosa linalorudiwa kila karakana ni kufunga mpira mpya kwenye mlango uliopinda. Milango hupindishwa na watu. Foko, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, inaugusa, mpakiaji anaufungua kwa mtaimbo kwa sababu magurudumu yamekwama, magunia yaliyopangwa vibaya yanausukuma kutoka ndani njia nzima. Mpira unaweza kufuata kosa la milimita chache, haufuati tumbo la mlango lililotokeza kama gunia. Tumia uzi na timazi. Pima kona kwa kona, mlango na uwazi wake vyote viwili. Vipimo viwili vya mshazari visipolingana, mlango au fremu imekwenda upande. Nyoosha, badilisha magurudumu yaliyokufa, hakikisha reli ya chini imenyooka, ndipo ufikirie mpira. Na usiutengeneze mlango ubane kabisa asubuhi karakana ikiwa bado na ubaridi. Chuma chenye urefu wa mita 3 kikiongezeka joto nyuzi 40 kinarefuka karibu milimita 1.4. Si nyingi, lakini zinatosha kuukwamisha mlango saa nane mchana juani, na mlango uliokwama utaletewa mtaimbo, mkaanza upya.

Mfereji wa reli ya chini usafishe kila behewa linapoingia, bila kusubiri kuambiwa. Saruji iliyomwagika ikipata maji inaganda humo na kuunyanyua mlango. Mahindi yanaoza. Mbolea ya chumvichumvi inavuta unyevu na kula chuma haraka. Behewa lililobeba mbolea likufanye utafute kutu mahali usipopaona kwa macho, yaani katikati ya bati zilizolaliana. Kutu ya hapo inavimba na kuzipanua bati mpaka ribiti zinakatika. Kuipaka rangi juu ni kuivika kanzu. Ipasue, isugue, paka rangi ya kuzuia kutu pande zote mbili, ndipo uifunge.

Kwenye magurudumu na reli wengi hupaka grisi nyingi. Kwa njia kama reli ya kati, ambayo ikitoka kwenye unyevu wa pwani na bonde la Kilosa inapanda kwenye vumbi la Dodoma, grisi hiyo huwa tope gumu kabla safari haijafika nusu. Beringi za magurudumu zitie grisi ndani, lakini reli iachwe safi, au ipakwe unga wa grafiti. Vilevile grisi ya petroli isiguse mpira. Aina nyingi za mpira wa mlango huvimba na kulegea zikiguswa na mafuta, na ukiuona mpira umekuwa laini kama sabuni iliyolowekwa, ujue kuna mtu alitaka kuusaidia. Ukitaka usigande kwenye rangi, upake unga wa talki.

Kuhusu mpira wenyewe nina machache. Chagua unaovumilia jua, kwa sababu jua linaumaliza kabla ya mvua. Kata kona kwa mshazari, na maungio yakae juu au pembeni. Maungio yasiwe kona ya chini ambako maji husimama. Mlango ukifungwa, mpira ubonyee robo hivi ya unene wake. Usipobonyea unapamba tu, ukibonyea nusu utachoka mapema. Usiupake rangi. Na mwenzako akichomelea karibu, funika mpira kwa kitambaa kilicholowa, maana cheche moja inatoboa tundu dogo ambalo hutaliona hadi lalamiko lirudi.

Kupima ndiko kunakotofautisha fundi na mpakaji rangi. Kipimo cha kwanza ni giza. Ingia ndani mchana, mwenzako afunge mlango kutoka nje, kaa dakika kadhaa macho yazoee, kisha tafuta mwanga. Mwanga wa mstari ulionyooka ni mwanya. Mwanga hafifu chini, kwenye vitundu vya kutolea maji, huo ni halali yake, uache. Lakini nisikilize vizuri hapa. Usiingie behewa lolote kabla bendera nyekundu haijawekwa na wahusika wa kupanga mabehewa hawajajulishwa. Mwenzako asiondoke mlangoni, hata kwa simu. Na behewa lililobeba nafaka iliyofukizwa kwa dawa ya fosfini usijifungie ndani yake hata kidogo mpaka lipunge hewa na kupimwa. Gesi ile inaua, na mapafu hayapewi muda wa kujifunza.

Kipimo cha pili ni chaki. Paka chaki ukingo wa fremu, funga, fungua, tazama kwenye mpira: mstari ukikatika, hapo haugusi. Cha tatu ni maji. Usielekeze bomba katikati ya mlango kwa hasira. Anza chini, panda polepole hadi juu, ukimpa mtu wa ndani nafasi ya kusema ni lini tone la kwanza limeonekana. Ukianza juu, maji yatashuka kila mahali na hutajua lililoingia limeingilia wapi. Ukimaliza, hesabu maji yanayotoka kwenye vitundu vya chini. Yasipotoka kabisa, usifurahi. Ama hakuna kilichoingia, ama yamekaa humo, na la pili ndilo la kawaida.

Narudi kwenye ule umande. Mzigo wenye unyevu ukipakiwa mchana wa joto, usiku behewa likapoa, unyevu unapanda na kugeuka matone kwenye bati la paa, halafu unadondoka. Mvua inanyesha ndani wakati nje kuna nyota. Mahindi yanatakiwa yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, na yakizidi, hata mlango wa peponi hautayaokoa. Ukimwona mtu anaziba matundu ya hewa ya behewa kwa sababu "linavuja", mzuie. Lalamiko la aina hiyo liandike vizuri: mifuko ipi, alama ziko wapi, paa lilikuwaje. Nimeona fundi akilaumiwa miezi kwa kosa lililofanyika ghalani.

Nchi nyingine, hasa Ulaya na Marekani, mabehewa mengine yana milango inayoteleza kisha inasukumwa ndani ya fremu na kuubana mpira pande zote. Ni mizuri sana ikiwa mizima. Ikipinda, haifungi kabisa, na vyuma vyake vya kuibana vinataka mtu aliyefundishwa. Mlango wetu wa kawaida unavumilia makofi zaidi, nami sioni aibu kuupenda.

Jambo la usalama ambalo sikulitaja bado, na si kwa sababu ni dogo. Mlango wa behewa una uzito wa mamia ya kilo, na unashikiliwa na engo ya juu pamoja na magurudumu ya chini. Engo ikiliwa na kutu, mlango hautoi taarifa. Usisimame mbele yake unapoufungua mara ya kwanza, simama pembeni. Behewa likiwa na mzigo, huenda magunia yameuegemea, na behewa lenye tani 40 za saruji ni mifuko 800 ya kilo 50 inayokusubiri. Ukitaka kuushusha mlango, ufunge kwa cheni kabla hujagusa bolti hata moja.

Ule msumari wa fomeni ninao wa kwangu, wa inchi nne, nautembeza mfukoni. Kabla sijasaini kadi ya behewa naupitisha kila kitundu cha kizingiti, kimoja kimoja, hata nikijua kijana niliye naye ameshafanya. Na mvua ya kwanza ya vuli ikianza ukiwa karakana, wenzako wakikimbilia chai, wewe kimbilia behewa ulilolimaliza wiki iliyopita. Mwenzako awe mlangoni kama kawaida. Chuchumaa kwenye kona ya nyuma ya mwimo, zima tochi, usikilize.