Ukifutwa kazi, sema mapema

Kampuni niliyoifanyia kazi ya uhasibu kwenye Barabara ya Mombasa, Nairobi, ilipopunguza wafanyakazi, nilimwambia mke wangu jioni ile ile. Mwenzetu mmoja hakusema. Kila asubuhi alifunga tai, akapanda matatu hadi mjini, akashinda kwenye bustani ya Jeevanjee mpaka saa kumi na moja. Mwisho wa mwezi alikopa kwenye programu za simu ili "mshahara" ufike nyumbani.

Siri ya namna hiyo ni ghali. Ukificha, unalazimika kutumia kama mtu mwenye kazi: mchango wa harusi, karo, nauli ya kwenda kusikojulikana. Ukisema, chama chenu cha kuchangiana kinaweza kukubadilishia zamu ya kupokea pesa na mwenye nyumba akakubali ulipe nusu nusu. Wengine watakataa, tusidanganyane, na kuna marafiki watakaoacha kupokea simu zako wakidhani unaomba pesa.

Kabla ya kutia sahihi barua yoyote, dai haki zako. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inampa anayepunguzwa kazi notisi ya mwezi mmoja au malipo badala yake, mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliokamilisha, na pesa za likizo ambazo hakuchukua. Omba pia cheti cha utumishi. Wengi hukisahau kwa hasira.

Kinachofuata ni muda, na hapa ndipo watu huanza kuvunjika. Mwaka wa 1933, Marie Jahoda na wenzake walichapisha utafiti wao kuhusu Marienthal, kijiji cha Austria ambako kiwanda cha nguo kilikuwa kimefungwa. Watu walikuwa na saa tele, lakini waliazima vitabu vichache kuliko zamani, na wanaume walitembea polepole barabarani. Ukitaka kuwaona, pita mtaani kwetu saa nne asubuhi. Kwa hiyo amka saa ile ile ya zamani, oga, mpeleke mtoto shule, toka nyumbani. Usingizi ukikupotea kwa wiki kadhaa, au ukianza kufikiria kujiua, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili Nairobi, si pa kufanyia utani.

Na mtu akikuuliza, "Siku hizi uko wapi?" mjibu: "Kazi iliisha, natafuta ya uhasibu, ukisikia popote nistue." Kibarua changu cha kwanza, kuweka hesabu za duka la hadiwea Kariobangi, nilikipata kwa jirani niliyemjibu hivyo tukiwa kwenye foleni ya maji.