Kuhusu ile amplifaya, na mambo mengine

Mwanangu, marahaba. Mbukwenyi, wewe na hao wenzako wa bendi huko Dar.

Meseji yako niliiona jana usiku nimeshapanda kitandani, nikaisoma tena leo asubuhi kibandani kabla wateja hawajaanza. Unauliza ile amplifaya kubwa, ile niliyobaki nayo baada ya wale jamaa wa bendi ya dansi kushindwa kulipa, bado inafanya kazi, na kama Jumamosi ijayo inaweza kubeba magitaa mawili na besi hapo uani, au mkodi vyombo mjini. Swali la ndiyo au hapana tu. Nitalijibu. Ila tangu asubuhi nawaza kile kisanduku chako cha mbao, kile kiamplifaya cha gitaa ulichojitengenezea form four, afu naona wewe unauliza amplifaya kumbe mimi nadaiwa jibu lingine kabisa, na hujawahi kunidai.

Unajua msimamo wangu, kitu kikikoroma kina ugonjwa. Nimekula kwa hilo neno miaka arobaini. Mtu analeta redio Majengo inakoroma, nafungua, ama koni, ile karatasi ya spika inayotetema, imechanika, ama koili imeungua inasugua pembeni, ama kapasita imevimba, nabadilisha, inaimba, analipa, anaenda. Wewe umesoma kwa hela za watu waliochoka kukoroma kwa redio zao. Sasa mtoto wa fundi wa namna hiyo akianza kutafuta mkoromo kwa makusudi, we unadhani baba yake ataelewa siku ya kwanza?

Usiku ule wa kuamkia mahafali yenu nilikuwa nimechelewa kurudi, nyote mmelala, na kisanduku kipo sebuleni juu ya stuli. Nilikuwa nakijua, si nilikupa mwenyewe ile bodi ya redio kaseti iliyokufa upande wa kaseti. Mbao ulipigilia na kaka yako, misumari mingine imetokea upande wa pili. Nikachomeka gitaa lako nikagusa waya mmoja kwa kidole gumba. Weee. Kikakoroma kama trekta la Kibaigwa. Nikasema huyu mtoto kesho anasimama mbele ya wazazi mia tatu na chombo kibovu hivi, na babake ni fundi! Nikawasha solda. Mama yako akaamka akauliza unafanya nini saa 7 usiku, nikamwambia namsaidia mwanao.

Nilitoa ile spika, koni yake imechanwa mistari mitatu. Nikajua ni panya. Mistari imenyooka kama rula, na mimi bado nikasema panya, hebu fikiria. Nikaweka spika mpya, ya boksi, ambayo nilikuwa nimemuwekea mteja mwingine. Nikapunguza nguvu ya mwanzo ili mawimbi yasikatwe vichwa, maana ndo kinachotokea, amplifaya ikiombwa sauti kubwa kuliko umeme ilio nao inashindwa kupandisha wimbi mpaka juu, inalikata kichwa linakuwa bapa kama meza, na huo ubapa ndo sikio linasikia ukali. Nikafunga erthi vizuri. Nilipomaliza saa 10 alfajiri kikawa kinatoa sauti safi kama maji ya bomba. Nililala na furaha mwanangu, sikufichi.

Unakumbuka yaliyofuata kuliko mimi. Nilikaa mstari wa tatu na ile shati ya kitenge. Ukapiga waya wa kwanza, ikatoka sauti ya gitaa la kwaya. Ukageuka ukaangalia kisanduku. Ukapiga tena. Afu ukainua macho ukanitafuta katikati ya watu wote wale, na mimi nikadhani unanishukuru, nikapiga makofi. Peke yangu. Kwa nguvu. Hilo la makofi ndo linaniamsha usiku mpaka leo, lile la spika nilishalizoea.

Ulipiga kama dakika mbili hivi ukashuka. Siku tisa hukunisemesha zaidi ya shikamoo. Na aliyenifungua macho wala si wewe, ni bibi yako, tena akiwa anachambua mlenda, hata hakuniangalia. Akauliza, ilimba ya baba yako nayo ilikuwa mgonjwa?

Nikanyamaza. Wewe babu hukumkuta, lakini ilimba yake, ile ala yetu ya Kigogo ya kubonyeza vyuma kwa vidole, umeiona, ile iliyotundikwa kwa bibi. Lile boksi lina matundu, na juu ya matundu babu alikuwa anabandika utando wa buibui, ule mweupe mgumu kama karatasi ambao buibui anafunikia mayai. Ukibonyeza chuma utando unatetemeka, sauti inatoka na mvumo wa nyuki. Ukidondoka anatafuta mwingine, anazunguka nyuma ya zizi nusu siku anakagua kuta. Hata marehemu Hukwe Zawose aliyezungushia dunia nzima muziki wa Kigogo, sikiliza ilimba zake, zinavuma hivyohivyo. Yaani wazee wangu walihangaika kuutafuta huo mkoromo, nimekulia ndani yake, afu nikaenda kujifunza ufundi wa kuuondoa nikajiona nimeendelea.

Ila ngoja, na mimi nijitetee. Ilimba inavuma, haipigi kelele. Kuvuma na kukoroma si kitu kimoja. Mvumo unakaa chini ya sauti, huo wenu unakaa juu ya sauti na kuikalia kabisa. Nikisema hivyo najiona nimeshinda, halafu nakumbuka ile kaseti ya mjomba wako wa reli ya TAZARA, ya Zambia. Mwaka 79 nilikuwa bado najifunza kwa mzee mmoja hapa mjini, mjomba akaja likizo na kaseti ya bendi ya Wazambia, WITCH. Gitaa linakwaruza balaa. Nikajua hedi ya mashine, ile inayosoma mkanda, imehama, nikachukua bisibisi nikaanza kukaza na kulegeza, kukaza na kulegeza, nusu saa nzima jasho linanitoka, mjomba kakaa pale ananiangalia tu, mwisho akasema kijana hiyo hedi haina kosa, ndivyo wanavyopiga. Tulicheka mpaka mzee akatufukuza. Kwa hiyo nilishaambiwa mapema, nina miaka 19! Na bado miaka thelathini na tano baadae nikaja kusema panya.

Wewe ndo ulinihadithia yule Mwingereza mpiga gitaa wa bendi ya The Kinks, Dave Davies, alivyochana koni ya spika yake na wembe mwaka 1964 ili ikwaruze. Ulinihadithia ukiwa chuo tayari, kwenye simu, kwa sauti ya kawaida kabisa kama habari ya redioni, na hukutaja kisanduku. Nilielewa. Nilisema "ahaa" tu. Ilibidi niseme zaidi ya ahaa.

Na yule mwingine ninayempenda zaidi, Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya Black Sabbath. Huyo nikuambie ukweli namheshimu hata kabla ya kumsikia. Kijana wa miaka 17, Birmingham, siku yake ya mwisho kiwandani mashine ya mabati inamkata ncha za vidole viwili, tena vya mkono wa kubonyeza nyuzi. Mtu mwingine angeuza gitaa. Yeye kayeyusha chupa ya sabuni ya vyombo, kajitengenezea vifuniko vya vidole, kavigandisha ngozi juu ili vishike waya, akaweka nyuzi nyembamba, na baadae akazilegeza zisimuumize, na kulegea kule ndo kukaleta ule uzito mnaouimba leo. Huyo ni fundi. Mimi kidole changu hiki kilichoungua na solda nalalamika kila baridi ya mwezi wa 7.

Kumbe hata lile la Julai nilikukosea. Tarehe 22 ulipopiga simu unalia Ozzy, yule mwimbaji wa Black Sabbath, amefariki, nikasema pole, afu nikauliza Ozzy ndo nani pale kazini kwenu. Siku 17 tu toka aimbe amekaa kwenye kiti pale Villa Park, wewe ulikesha ukiangalia. Nilijua ni mtu wa ofisini wallahi. Mama yako alinifinya.

Haya, wenzako. Mama anasema waje wote sita, wanaume watalala kwa kaka yako, wewe na yule nesi mtalala chumba cha bibi. Amenituma niulize kama wanakula mlenda, au awatafutie mchicha. Mimi sina wasiwasi nao tangu ile Desemba uliponipeleka Tabata kwenye kile chumba mlichotundika magodoro ukutani. Nilijiandaa kukuta watu wa ajabu. Nikakuta mhasibu, nesi, na dereva wa bodaboda aliyevua viatu mlangoni akaniamkia shikamoo mara mbili, wote wamevaa fulana nyeusi za mafuvu, na kwa dakika arobaini wanabishana kama ngoma ya mguu ipigwe na mguu mmoja au miwili. Dakika arobaini! Walivyobishana ndivyo mafundi tunavyobishana kuhusu transfoma. Halafu wakaanza kupiga na nikatoka nje kukaa na mwenye mgahawa.

Ukiniuliza kama ule ni muziki sisemi. Nilishaapa sisemi. Yule kijana anayenguruma, sauti anaitoa tumboni kama fahali wa mnadani, nilitaka nimwambie kuna dawa ya kifua, lakini sisemi. Gitaa lako wewe ni jambo lingine, kuna mahali ulipita polepole, nyuzi za chini, nikasimama pale nje na soda mkononi sikuinywa. Basi. Kitu kikikoroma kina ugonjwa, ila kuna magonjwa mtu hataki kupona, tuseme hivyo tuendelee.

Ijumaa mkipanda SGR ya jioni kaka yako atawapokea na Noah. Jumamosi asubuhi nawapeleka Msalato mnadani, nyama ya mbuzi, muwahi kabla jua halijawa kali, na hizo nguo nyeusi kwenye jua la Dodoma mtajijua wenyewe. Kwaya ya jirani ina mazoezi kuanzia saa 10 mpaka saa 12 jioni, nimeongea na mwalimu wao, nyie mtaanza wakimaliza na saa 3 usiku kimya. Aliniuliza ni muziki gani nikamwambia wa vyuma, si ndo hiyo metal yenu. Akadhani brass bendi, kafurahi sana, sikumsahihisha.

Sasa amplifaya. Ipo na inawaka. Magitaa mawili itabeba. Besi hapana, besi ipite kwenye mashine yake, kodini hiyo tu, vinginevyo mtanichania spika, na safari hii kwa kweli itakuwa bahati mbaya. Msiunge spika mbili za ohmu 8 sambamba, zinageuka ohmu 4 na hiyo mashine inataka 8, transista zitaungua kabla hamjamaliza wimbo wa kwanza. Chaneli ya kushoto ina mkoromo ukipita nusu. Juzi usiku nilifungua skrubu zote nne, nikaweka tochi mdomoni, nikaangalia, nikauona ulipo. Nikafunga skrubu zangu nikaenda kulala.

Ile koni yako ya mistari mitatu bado ipo kibandani, nimeitundika msumarini juu ya kalenda, mende wamekula kidogo pembeni.

Njoo na fyuzi za ampea 3, zile za kioo, kama kumi hivi. Hapa mjini nimezunguka napata za 5 tu.

Baba yako