Binti yangu hasumbui, ila mawazo hayatulii

SWALI: Shikamoo daktari. Binti yangu ana miaka 9, yupo darasa la tatu hapa Ujiji. Nikimtuma dagaa na chumvi, anarudi na chumvi tu. Daftari lake limejaa sentensi nusunusu. Mwalimu anamwita mvivu. Nimemchapa, na roho inaniuma. – Mama wa Ujiji

JIBU: Marahaba, mama. Fimbo weka chini kabisa. Tatizo la umakini lina sura 3: mwili usiotulia na kukurupuka, mawazo yanayohamahama, au yote pamoja. Hiyo ya pili hujificha, hasa kwa wasichana, kwa kuwa hawapigi kelele. Kama hali hii ipo nyumbani na shuleni kwa miezi 6 au zaidi, mpeleke hospitali; apimwe macho na masikio pia. Mtume kitu kimoja kimoja, akae dawati la mbele. Dawa zipo, methilifenideti mojawapo, ila aamue daktari.